Opinel Na. 8 inaposumbua: bapa kukwama, kucheza, kutu na makali yasiyodumu

Opinel Na. 8, kisu cha mfukoni kinachokunjwa, ina vipande vitano tu: bapa, mpini wa mbao, pini inayopita kwenye kiungo, pete ya ndani isiyosogea, na pete ya nje inayozunguka. Haina skrubu, springi wala washa. Aliyezoea visu vya skrubu akipata hii hujiuliza, kikianza kusumbua nikaze nini? Hakuna cha kukaza. Kazi ya washa na springi hapa inafanywa na mbao yenyewe: bapa limebanwa kati ya kuta mbili za mbao, na mbao hunywa unyevu na kuutoa. Ikinywa inavimba na kubana. Ikikauka inasinyaa na kuachia. Malalamiko mengi ya wenye kisu hiki, hata yanayoonekana kuwa ya chuma, yanaanzia hapo. Kabla ya kushika nyundo au koleo, jua kwanza mbao iko katika hali gani siku hiyo.

Jambo la pili la kujua ni aina ya chuma ulichonacho. Imeandikwa ubavuni mwa bapa, chini ya alama ya mkono uliovikwa taji. CARBONE ni chuma cha kaboni (XC90), kinachonoleka upesi lakini kinashika kutu. INOX ni chuma kinachostahimili kutu (Sandvik 12C27). Dawa za kutu hapa chini zinamhusu zaidi mwenye CARBONE; mengine yote ni ya wote wawili.

Bapa halifunguki, au linafunguka kwa kuvunja kucha

Anza na pete. Tangu mwaka 2000 pete ya nje, iitwayo Virobloc, inafunga bapa likiwa nje na pia likiwa ndani ya mpini, na wengi hung'ang'ana na kisu kumbe pete imezungushwa mfukoni. Mwanya wa pete ukae sawasawa na mtaro wa mpini. Kama kisu ni cha zamani, pete yake inafunga bapa likiwa wazi tu. Huo si ubovu, ndivyo pete ilivyokuwa tangu ilipobuniwa mwaka 1955. Visu vya Opinel vya namba ndogo, 2 hadi 5, havina pete hiyo kabisa.

Pete iko wazi na bapa bado limegoma? Basi mbao imevimba. Sababu za kawaida ni tatu: kisu kilioshwa kwa kulowekwa, kilikatia kitu chenye majimaji kikafungwa bila kufutwa, au kimekaa siku nyingi kwenye mfuko wenye jasho. Maji hayaingilii ubavuni mwa mpini, maana huko kuna vanishi. Yanaingilia kichwani, pale kwenye kiungo, ambako nyuzi za mbao zimekatwa na zimeachwa wazi. Mbao hunywa kwa kasi zaidi kupitia ncha za nyuzi zake, na bahati mbaya hapo ndipo bapa lilipobanwa.

Usilivute bapa kwa koleo; utalikwaruza na unaweza kulipinda. Usitumie meno. Watu wa Savoie, kule Ufaransa ambako Joseph Opinel alianza kutengeneza visu hivi mwaka 1890, wana njia yao inayoitwa pigo la Msavoya. Hakikisha pete iko wazi. Shika mpini kwa ubavu, karibu na kichwa, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya bapa. Elekeza mtaro chini, kisha gonga kisigino cha mpini, yaani ile ncha ya nyuma iliyojitokeza upande wa mtaro, juu ya ukingo wa meza au kipande cha mbao ngumu. Mpini unasimama ghafla, bapa linaendelea kidogo na safari yake, na ncha inachungulia nje milimita chache. Gonga mara mbili au tatu kwa kadiri. Si kazi ya nguvu. Bapa likishachungulia, lishike kwa mgongo ulifungue.

Hapo umefungua tu. Kutibu ni kazi nyingine. Acha kisu kikiwa wazi kivulini, mahali penye hewa, siku moja hadi tatu. Usikiweke kwenye oveni, juani wala karibu na moto. Mbao ikikaushwa haraka, nje inasinyaa kabla ya ndani, na ufa unatokea pale pale kwenye pini.

Kuizuia isivimbe tena

Wenye kisu hiki wamegawanyika kambi mbili: mafuta ya kitani na vaselini. Kwa kiungo, vaselini ni bora. Mafuta ya kitani hukauka kwa kugandana; kwenye ngozi ya nje ya mpini hilo ni jambo jema, lakini ndani ya kiungo yanageuka kuwa kama gundi nzito, na baada ya wiki chache una bapa gumu kwa sababu nyingine kabisa.

Fanya hivi, na mbao iwe imekauka vizuri, la sivyo utafungia unyevu ndani. Fungua bapa nusu. Paka vaselini nyingi kuzunguka kiungo, pande zote mbili za bapa, na kwenye mbao iliyo wazi kichwani. Pasha kwa mashine ya kukaushia nywele, kutoka umbali wa kiganja, mpaka vaselini iyeyuke na kuonekana ikizama. Fungua na kufunga polepole mara kumi. Ongeza, pasha tena. Mbao ikiacha kunywa, yaani vaselini inabaki juu ikimeremeta, imetosha. Acha ipoe, ufute iliyozidi. Vaselini ya kawaida isiyo na manukato inafaa hata kwa kisu cha kukatia chakula.

Mafuta ya kupikia usiyatumie. Kwa muda yanachacha, yananuka na kunata, na uchafu wa mfukoni unashika humo.

Ukichagua mafuta ya kitani kwa ajili ya mpini wa nje, kwanza ondoa vanishi kwa msasa namba 240, paka tabaka jembamba, subiri dakika kumi na tano, futa yote yaliyobaki juu, kisha acha mpaka yakauke kabla ya tabaka la pili. Tabaka tatu zinatosha. Tahadhari moja usiipuuze: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikifinyangwa na kutupwa kwenye pipa hupata joto chenyewe na kinaweza kuwaka moto. Kitandaze nje kikauke, au kiloweke majini kabla ya kukitupa.

Mbao ni kavu, kiungo kimepakwa, na bapa bado ni gumu

Sasa ndipo msasa unaingia kazini, wala si kabla. Kosa linaloharibu visu vingi ni kusugua mbao siku ilipovimba. Siku hiyo utaona umepata nafuu. Mbao ikisinyaa, ile milimita uliyoiondoa hairudi, na bapa litacheza daima.

Kata ukanda wa msasa namba 180, upana wa sentimita moja hivi. Fungua bapa, funga pete, upenyeze ukanda kati ya bapa na ukuta wa mbao, upande wa mchanga ukiangalia mbao. Vuta mara tano. Hamia ukuta wa pili, mara tano. Puliza vumbi, fungua pete, jaribu. Rudia mpaka bapa lifunguke kwa ukucha bila kung'ang'ania, lakini likishafunguliwa lisianguke lenyewe. Msasa ukikataa kuingia, usiulazimishe; hiyo ni dalili kwamba mbao bado haijakauka. Mwishoni rudia vaselini, kwa sababu umefungua nyuzi mpya.

Bapa linacheza

Pima pete ikiwa imefungwa. Pete ikiwa wazi, mchezo mdogo ni kawaida na hauna maana yoyote. Funga pete, shika mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa bapa kwa mwingine, halafu angalia mchezo unakwenda upande gani.

Ukiwa wa juu na chini, yaani bapa linataka kukunjika kidogo kisha linasimama, tatizo ni pete. Kadiri inavyozungushwa ndivyo ukingo wake unavyozidi kukaba kisigino cha bapa, kama kabari. Wengi huizungusha robo ya njia na kuridhika. Zungusha mpaka ikatae. Kisu kilichotumika miaka mingi kitahitaji mzunguko mrefu kuliko kipya, na hilo ni sawa.

Ukiwa wa kushoto na kulia, sababu ni mbao iliyosinyaa au pini iliyolegea. Kuzitofautisha ni rahisi ukiwa na subira. Mchezo uliokuja na hewa kavu ni wa mbao; paka vaselini, ukiweke kisu mahali pa kawaida, usubiri wiki. Mara nyingi unapungua wenyewe. Mchezo uliopo hewa ikiwa kavu na hewa ikiwa na unyevu, hasa baada ya kisu kutumiwa kubanjulia vitu, ni wa pini.

Kukaza pini kunadai pete ya nje itolewe, kwa sababu imeifunika. Funga makali kwa utepe kwanza. Bapa likiwa limefunguliwa, ingiza ncha za koleo la kupanulia pete za springi kwenye mwanya wa pete, panua kiasi cha kupita tu, uisukume mbele kuelekea bapa. Usiipanue kupita hapo; ikikunjuka, ukiirudisha itakuwa imelegea. Ukishaitoa utaziona ncha mbili za pini, zikiwa zimelala sawa na pete ya ndani. Laza ncha moja juu ya kipande cha chuma kigumu kilicho tambarare, gonga ya pili kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo. Mapigo mepesi matatu, geuza, matatu. Jaribu bapa. Unatafuta badiliko dogo sana, na ukipitiliza, bapa litabanwa na hakuna njia rahisi ya kurudisha pini nyuma. Mapigo sita, pima. Sita mengine, pima.

Pete imelegea, imekaza sana, au inajizungusha yenyewe

Pete iliyolegea ndiyo dalili pekee katika orodha hii inayoweza kukukata vidole, kwa hiyo usiitumie huku ukiahidi kuirekebisha kesho. Itoe kama ilivyoelezwa hapo juu, ibane kwa mkono au kwa koleo lililofungwa kitambaa hadi mwanya upungue kidogo, kiasi cha nusu milimita, uirudishe. Inapaswa kugoma kwa kidole gumba kimoja mpaka ukiisukuma kwa makusudi. Kisha ijaribu: funga pete, weka vidole pembeni kabisa, kandamiza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa mbao kwa nguvu ya mkono, bila kupiga. Pete ikisogea, ibane tena. Ikisogea baada ya kubanwa mara ya pili, chuma chake kimechoka.

Pete iliyokaza ghafla kwa kawaida ina mchanga chini yake. Utasikia mkwaruzo ukiizungusha. Tone moja la mafuta mepesi, zungusha huku na huku mara ishirini, futa uchafu mweusi unaotoka, rudia mpaka yatoke masafi. Pete mpya iliyokaza tangu mwanzo hulainika kwa kutumika. Ikikuzidi nguvu, ipanue kidogo sana kwa koleo lile lile.

Madoa na kutu kwenye CARBONE

Rangi ya kijivu, bluu au ya moshi inayotokea baada ya kukata matunda machachu si kutu na haifai kuondolewa. Ni ngozi nyembamba inayokinga chuma kilicho chini yake. Wenye kisu kipya huogopa wakaisugua kila siku, na kila wakiisugua wanaacha chuma uchi tayari kwa kutu ya kweli. Kutu ina rangi ya machungwa au kahawia, na ukipitisha kidole juu yake inaacha unga.

Kutu changa inatoka kwa mafuta na nyuzi laini kabisa za chuma, ukisugua kwa kufuata urefu wa bapa, si kwa mzunguko. Kutu iliyochimba vishimo vyeusi huwezi kuitoa bila kula chuma. Simamisha tu isiendelee: sugua unga wote, kausha, paka mafuta safi ya madini yanayofaa kwa chakula. Chunguza sehemu mbili zinazosahaulika, kijifereji cha kuingizia ukucha unapofungua na sehemu ya bapa iliyofichwa na pete. Huko ndiko kutu inakoanzia, kwa kuwa kitambaa hakifiki. Kijiti cha pamba kinafika.

Chakula kikitoka na ladha ya chuma, bapa bado ni jipya mno. Unaweza kuiharakisha ile ngozi ya kijivu. Lisafishe kwa sabuni liondoe mafuta yote, likaushe, kisha lipanguse kwa kitambaa chenye siki ya moto kwa dakika kumi mpaka rangi ishike sawasawa, suuza bapa tu, kausha papo hapo, paka mafuta. Usitumbukize kisu kizima. Siki ikiingia kwenye kiungo utarudi kwenye bapa lililokwama, safari hii na kutu juu yake.

INOX nayo hupata vidoa, hasa ikiachwa na chumvi. Kusuuza na kukausha kunatosha.

Makali hayadumu

Uliza kwanza kisu kinakata juu ya nini. Sahani ya udongo uliochomwa au kioo ni ngumu mno kwa makali ya kisu, na hata mkato mmoja unaogusa sahani unaweza kuyalaza. Boksi za karatasi ngumu nazo zinakula makali taratibu.

Butu likiwa sehemu moja tu, sentimita ya mwisho karibu na mpini, shuku pete. Ukifunga kisu wakati pete haijarudi vizuri, makali yanatua juu ya ukingo wake. Utaona kijidoa king'aacho mahali pale pale kila mara. Hakuna kinoo kitakachotibu hilo mpaka ubadilishe mkono: pete hadi mwisho, kisha bapa.

Kisu kinachokata vizuri mara tu baada ya kunolewa na kufa ndani ya siku moja kimebaki na uzi wa chuma. Unaponoa upande mmoja, uzi mwembamba wa chuma hujikunja upande wa pili. Usipoutoa, ndio unaokata siku ile ya kwanza, kisha unakunjika. Uhisi kwa kupitisha ukucha kutoka mgongoni kuelekea makali, kamwe si kwa kufuata urefu wa makali. Ukucha ukikwama, uzi upo.

Namna ya kunoa: funga pete, zungushia kiungo kitambaa kikavu, kwa maana maji ya kinoo yanateremka moja kwa moja hadi kwenye mbao. Tumia kinoo namba 1000. Namba 400 ni kwa makali yenye mapengo tu. Pembe ni nyuzi 20 kila upande. Bila kifaa cha kupimia, hesabu hivi: bapa lenye upana wa milimita 18 liinuliwe mgongo milimita 6 kutoka kwenye kinoo. Noa upande mmoja mpaka uzi usikike urefu wote wa upande wa pili, hata kama ni mara thelathini. Geuza, fanya vivyo hivyo. Sasa punguza: mara tano kila upande, mara mbili, mara moja, ukilegeza mkono kila hatua. Malizia kwa mkanda wa ngozi, ukivuta kwa mgongo mbele na makali nyuma, mara kumi kila upande. Uzi wa INOX ni mkaidi zaidi kuliko wa CARBONE. Usishangae ukihitaji mara ishirini.

Mapengo madogo yanayorudi kila baada ya kunoa yanaonyesha umelaza bapa kupita kiasi. Mara tatu za mwisho kila upande ziwe nyuzi 25.

Yaliyobaki

Ncha iliyovunjika inarekebishwa kutoka mgongoni, si kwenye makali. Ukila makali, ncha mpya itapanda juu na kuchomoza nje ya mtaro kisu kikifungwa. Tumia tupa au kinoo kikali, chovya bapa majini kila baada ya muda ikiwa unatumia mashine. Chuma kikigeuka bluu kwa joto, sehemu hiyo imepoteza ugumu wake.

Bapa kukaa upande mmoja ndani ya mtaro linapofungwa ni jambo la kawaida kwa mpini wa mbao. Liache, isipokuwa kama linakwaruza. Hapo msasa mara chache kwenye ukuta unaoguswa.

Bapa lisilozama hadi mwisho lina nyuzi za kitambaa mtaroni. Zitoe kwa kijiti cha meno.

Ufa mfupi nyuma ya mpini unajazwa kwa gundi ya mbao na kubanwa usiku kucha. Ufa unaoanzia kwenye pete ya ndani ni habari nyingine: hapo ndipo nguvu yote ya mkato inapopita. Mpini huo haufai tena, na kwa kuwa pini imefuliwa kwenye pete ya ndani, anayeweza kuupigia pini mpya ni fundi mwenye vifaa. Vinginevyo toa bapa ulitengenezee mpini usiokunjwa.